Namna ya kuisoma hisia yako kabla haijakuamulia

Hapa kwetu Uganda wengi tumelelewa na njia mbili tu za kushughulika na hisia, kuimeza au kuitapika. Mwanaume akifiwa anaambiwa jikaze, mama akichoka anaambiwa avumilie manake hata mama yake alivumilia, mtoto akilia ananyamazishwa kwa fimbo ambayo ndio inamliza zaidi. Afu upande wa pili kuna yule ambaye akikasirika mtaa mzima unajua, anavunja vyombo, anatukana mpaka wazazi wa mtu, na jioni anatuma watu wamwombee msamaha. Unaweza kudhani hawa watu ni tofauti kabisa lakini shida yao ni ileile, hakuna aliyekaa akaiangalia ile hisia yenyewe ilikuwa inataka nini. Tunaambiwa hasira hasara tangu tukiwa wadogo, sawa, lakini sasa hiyo hasira ukishakuwa nayo uifanyeje? Hapo hakuna anayekuambia.

Mimi naamini kuisoma hisia ni kazi ya kujifunza, tena inajifunzwa na mtu yeyote, muuza nyanya wa Busia, dereva wa lori aliyekwama Malaba, mke wa askari kule Bombo, mwanafunzi wa Makerere anayewaza fizi, yaani karo ya chuo. Haihitaji pesa. Inahitaji kufuata hatua kwa mpangilio, na kurudia rudia mpaka ikuingie.

Anza na mwili

Chukua mfano huu. Uko steji ya boda pale Wandegeya unangoja abiria, simu inaita, unaangalia unaona ni yule afisa wa mkopo wa sacco, na kabla hujawaza hata neno moja moyo umeshaanza kudunda, mdomo umekauka, tumbo limejikunja. Hisia imefika mwilini kwanza, maneno yatakuja nyuma. Ndani ya ubongo kuna sehemu mbili ndogo zinaitwa amigdala, kazi yao kubwa moja ni kushtukia hatari, zikishtuka ubongo unatuma habari kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, tezi zinamwaga adrenalini, ini linatoa sukari kwenye damu, damu inahama tumboni inaenda kwenye misuli ya miguu na mikono. Mtafiti Mmarekani Walter Cannon aliandika mambo haya kwa kirefu mwaka 1915, akaonyesha kwamba mwili hapo unajiandaa kupigana au kukimbia. Shida ni kwamba afisa wa mkopo huwezi kupigana naye na ukikimbia deni linabaki palepale. Mwili umejiandaa kwa chui, kilichokuja ni simu.

Kwa hiyo swali la kwanza usiulize "kwa nini niko hivi", uliza "iko wapi". Kifuani? Kooni kama donge? Kwenye taya, mabega, tumbo? Ukishaipata mahali ilipo, kaa nayo kidogo bila kufanya chochote. Afu jikague mambo ya kawaida kabisa: umekula leo? Umelala usiku? Una homa? Hii watu wanaidharau lakini mtu ambaye hajala tangu asubuhi na amelala masaa matatu tu, hasira yake ya saa kumi jioni haina haja ya kutafutiwa mchawi. Kula kwanza, lala, afu angalia kama bado iko.

Na kinyume chake pia kipo, wapo watu wanazunguka kliniki na kichwa kinachouma, mgongo, moyo kwenda mbio, wanapimwa malaria hakuna, wanapewa panadol, wiki ijayo wamerudi. Mara nyingine huo mwili unaongea kwa niaba ya huzuni ambayo mwenyewe hajaipa nafasi.

Hapo mwilini kuna kitu kimoja unaweza kufanya papo hapo, pumzi. Ukivuta hewa moyo unaongeza mwendo kidogo, ukitoa moyo unapunguza, ndio maana ukifanya kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta mwili mzima unaanza kushuka, kuna mshipa mrefu wa fahamu unaitwa vagasi unatoka kichwani unapita kwenye moyo mpaka tumboni ndio unaofanya hiyo kazi. Vuta ukihesabu mpaka nne, toa taratibu ukihesabu mpaka sita au nane, endelea kwa dakika mbili tatu. Hata ndani ya teksi kwenye jamu ya Kibuye unaweza, hakuna atakayejua. Haitaondoa deni, itakupa akili ya kupokea simu.

Ipe jina lake hasa

"Najisikia vibaya" sio jina. Vibaya vipi? Ni hofu, wivu, aibu, uchungu, kinyongo, majuto, upweke, kudharauliwa, kukata tamaa? Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha California kule Los Angeles waliwaweka watu kwenye mashine inayopiga picha ubongo ukiwa unafanya kazi, wakawaonyesha sura za watu wenye hasira na wenye hofu. Walipoambiwa wachague neno la hisia iliyo kwenye ile sura, amigdala zao zikatulia, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima na kuzuia, ikaamka. Neno tu lilifanya hivyo. Tumia lugha yoyote unayoliaga nayo, Kiluganda, Kilugbara, Kiacholi, Kigisu, Kiswahili, bora neno liwe lile linalogusa penyewe.

Hasira ndio inahitaji uangalifu zaidi manake mara nyingi inakuja imeificha nyingine nyuma yake. Baba anamngoja kijana wake mpaka saa sita usiku, barabara ina malori, habari za ajali kila wiki, kijana akifika tu mzee anamrukia kwa makofi. Ile haikuwa hasira, ilikuwa hofu, alikuwa ameshamuona mtoto wake kwenye jeneza, na kama angejua angeweza kumwambia "niliogopa sana mwanangu, nilidhani umekufa", na huyo kijana angelala na neno hilo badala ya kulala na kofi.

Ziko mbili nyingine ambazo watu wanazichanganya na kuzichanganya kunaharibu maisha, hatia na aibu. Hatia inakwambia nimefanya kitu kibaya. Aibu inakwambia mimi ni mtu mbaya. Zinakaribiana lakini zinakupeleka njia tofauti kabisa, mwenye hatia anataka kurekebisha, mwenye aibu anataka kujificha. Angalia kwenye vikundi vyetu vya akina mama vya kuweka na kukopa. Mmoja anashindwa kurudisha, pengine mtoto aliugua pesa ikaenda hospitali, sababu inaeleweka kabisa, lakini siku ya mkutano haji, simu anazima, akiona mwenzake sokoni anapita njia nyingine, mwisho anahama mtaa na deni lenyewe lilikuwa dogo la kuzungumzika. Aibu ndio imemhamisha, deni halikuwa na nguvu hiyo. Ukijikuta unataka kupotea machoni pa watu, simama ujiulize: nimefanya nini hasa? Kitaje kwa sentensi moja yenye kitendo ndani yake, "sijalipa elfu hamsini", "nilimsema vibaya shemeji mbele ya wageni". Kitendo kina marekebisho. Na ukiwa wewe ndio mwenyekiti wa kikundi, tafadhali mtumie mtu mmoja mpole akamuone nyumbani kabla ya kumtangaza kwenye mkutano, manake ukimwongezea aibu unamsukuma mbali zaidi na pesa yenu pia inaenda.

Uliza imetoka wapi

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu jambo hili limefanyiwa kazi hapahapa kwetu na wengi hatujui. Rakai ndiko ukimwi ulikoonekana kwanza Uganda, mwaka 1982 pale Kasensero kando ya ziwa, na kwa miaka mingi baadaye Rakai na Masaka hakukuwa na boma lisilozika. Mwaka 2002 kukafanyika utafiti kwenye vijiji 30 vya wilaya hizo, watu waliokuwa na huzuni nzito ya kuwazuia kufanya kazi zao wakawekwa kwenye vikundi, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, wakakutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Bila vidonge. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliofundishwa wiki mbili. Matokeo yalitoka mwaka uliofuata: kwenye vijiji vyenye vikundi, wenye huzuni ya kiwango cha ugonjwa walishuka kutoka asilimia 86 mpaka 6.5, wakati kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi walishuka kutoka 94 mpaka 54.7. Shirika la Afya Duniani likaja kutoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 2016 utumike nchi nyingine.

Njia yenyewe ilianzishwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman, na swali lake kubwa ni rahisi: hii huzuni ilianza kipindi gani, na wakati huo kulikuwa kunatokea nini kati yako na watu wako? Majibu mengi yanaangukia sehemu nne.

Ya kwanza ni kufiwa. Kwetu msiba unajaa watu, masufuria makubwa, turubai, afu baada ya mazishi kila mtu anaenda kwake na wewe unabaki na kiti kitupu, na ukimtaja marehemu watu wanabadilisha mada ati wasikuumize. Hapo dawa ni kumwongelea. Mtafute mtu mmoja aliyemjua, mwongee mazuri yake na mabaya yake pia, hata yale mliyokosana mkawa hamjapatana, hasa hayo.

Ya pili ni ugomvi na mtu wa karibu, mume, mke, mama mkwe, ndugu mliyegawana shamba. Uliza kwanza ugomvi uko hatua gani, bado mnaongea, au mmenyamaziana kabisa, au umeshakwisha mnasubiri tu kuachana? Kisha andika wewe ulitegemea afanye nini na unadhani yeye alitegemea ufanye nini. Mara nyingi hayo mawili hayajawahi kusemwa hata siku moja, kila mtu anamlaumu mwenzake kwa kuvunja ahadi ambayo hakuitoa. Ukienda kuongea naye chagua saa, sio akiwa na njaa, sio mbele ya watoto, na anza na hisia yako kabla ya kosa lake: "niliumia uliponiacha kwa wageni peke yangu" inasikika kuliko "wewe kazi yako kunidharau".

Ya tatu ni maisha kubadilika. Askari amestaafu na hakuna anayempigia saluti tena, kijana amemaliza chuo kazi hakuna, mama wa Kikongo aliyekuwa na duka lake Bunia sasa anapanga foleni ya chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Hata mabadiliko mazuri yana huzuni yake, bibi harusi anaweza kulia mwezi mzima na anampenda mumewe. Ruhusu kuomboleza kile ulichokuwa, taja ulichopoteza kwa jina, afu tafuta ujuzi mmoja mdogo wa maisha mapya na mtu wa kukuonyesha.

Ya nne ni upweke wa muda mrefu, na huu hauponi kwa kuambiwa "toka utembee". Anza na mtu mmoja na kitu kimoja kinachorudi kila wiki, kwaya, darsa, mpira, kikundi cha kuweka.

Ukishajua huzuni yako inakaa wapi kati ya hizo nne unajua pa kuanzia. Kabla ya hapo unapigana na kila kitu kwa wakati mmoja.

Yale ya utotoni

Kuna hisia ambazo ukubwa wake hauendani na tukio. Rafiki hajajibu meseji tangu asubuhi na wewe unatetemeka kama umeachwa barabarani. Hiyo ujue ina historia.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Kampala, na kwa miezi akawa anatembelea nyumba za Waganda kwenye vijiji vya karibu na mji, anakaa sebuleni na mama, anaangalia mtoto. Walikuwa akina mama 26 na watoto 28. Alichokiona ni kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake anamtumia kama mahali pa kuondokea na kurudia, anatambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka kumwangalia, anarudi kidogo, anaenda tena. Watoto wengine walilia sana na kung'ang'ania hata wakiwa wamebebwa. Na akina mama wa wale waliotulia walikuwa ni wale waliowajua watoto wao kwa undani, uliza swali lolote juu ya mtoto mama anakujibu kwa mifano, anajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Kitabu chake kikatoka mwaka 1967, na sehemu kubwa ya wanachofundishwa wanasaikolojia leo duniani juu ya mtoto kushikamana na mzazi ilianzia kwenye zile sebule za Buganda. Inanigusa sana hii, na inaniuma kwamba haisemwi mashuleni kwetu.

Sasa wewe kama hukuwa na wa kumrudia, ukubwani unaweza kuwa mtu wa kung'ang'ania au mtu wa kujifanya hahitaji mtu. Hiyo sio hukumu ya maisha, watu wanabadilika kwa kupata hata mtu mmoja wa uhakika, mke, rafiki, mwalimu, shangazi. Cha kufanya ni hisia ikija kubwa kuliko tukio ujiulize: mara ya kwanza kujisikia hivi nilikuwa na umri gani? Jibu likija utaona kwamba anayekuumiza leo sio yule aliyekuumiza kwanza, na utampunguzia mzigo ambao sio wake.

Na kwa watoto wako fanya kinyume cha fimbo ya kunyamazisha. Chuchumaa mlingane, taja unachokiona, "umekasirika kwa sababu dada amechukua mpira", mshike mpaka apoe, afu ndio useme sheria ya nyumba. Sheria ibaki. Lakini mpangilio huo unamfundisha kwamba hisia inaweza kushikwa na mtu na haimuui.

Usiimeze, usiitapike

James Gross na Robert Levenson mwaka 1993 waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, wengine wakaambiwa wafiche wanachohisi. Sura zilificha kweli, ila miili yao ilionyesha msukosuko zaidi ndani. Na kutapika nako hakusaidii: Brad Bushman mwaka 2002 aliwapa watu waliokasirishwa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimfikiria aliyewakasirisha, wakatoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Kwa hiyo yule anayekushauri ati kapige kelele uitoe yote, mshukuru na usimfuate.

Kinachosaidia ni kuitoa kwa maneno yenye mpangilio. James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, utafiti wao ulitoka mwaka 1986, waliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike jambo lililowaumiza zaidi maishani pamoja na walivyojisikia. Siku zenyewe walitoka wameshuka moyo, lakini miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Chukua daftari la kawaida, andika bila kujali makosa, ukimaliza unaweza kulichoma. Asiyependa kuandika aongee, na mtu mmoja anayejua kunyamaza, achague vizuri manake kuna watu wa dini na kuna ssenga, wale shangazi wa kutoa ushauri, wenye masikio makubwa na midomo mikubwa pia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Kingine ni kuliangalia tukio upande mwingine, labda bosi hakukusalimia kwa sababu ana msiba. Lakini hapa niseme kwa nguvu, usiitumie hii kujidanganya. Kama mtu anakupiga nyumbani, hofu yako inasema ukweli, usiitafutie tafsiri nzuri, itii, ondoka mahali hapo au mwambie mtu leo. Na hasira ya kuona unadhulumiwa shamba la urithi ni hasira ya haki, ipeleke kwa LC, lile baraza la kijiji, na makaratasi yako mkononi.

Ikizidi uwezo wako

Kama huzuni au kukosa raha na kila kitu vimekaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, kazi huwezi, hapo usijilaumu kwa kutojua kusoma hisia, hapo ni hospitali. Butabika ipo Kampala tangu 1955 na sio ya "wendawazimu" kama watu wanavyosema, na hospitali kubwa za rufaa za mikoa, Arua, Gulu, Mbale, Mbarara, Masaka, zina vitengo vya afya ya akili. Kama ni ndugu yako nenda naye, usimtume peke yake. Ukihofia anawaza kujiua muulize waziwazi, kuuliza hakumwingizii wazo, na mara nyingi unaona mabega yanashuka kwa kupata wa kumwambia. Akikubali kwamba anawaza hivyo, usimwache peke yake, na ondoa dawa za mashamba na kamba pale nyumbani.

Mkifika mwambieni muuguzi ilianza lini, usingizi ukoje, chakula kikoje, kama kuna mawazo ya kifo, na dawa gani nyingine anakunywa, hata za miti shamba. Akipewa dawa za huzuni ajue zinachukua wiki kadhaa kabla hajaona nafuu, na asiziache ghafla akipata nafuu, arudi kwanza kwa daktari.